Si kweli kwamba jina la kisayansi lazima litokane na Kilatini

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu: eti sayansi haikubali jina la kiumbe lisilotokana na Kigiriki au Kilatini, na ndiyo maana Kiswahili "hakiwezi" sayansi.

Sivyo. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka jina liandikwe kwa herufi za Kilatini, hizi hizi unazosoma hapa. Neno lenyewe laweza kutoka lugha yoyote. Mwaka 2010 mtambaazi wa kale wa kusini mwa Tanzania, ndugu wa dinosaria, alipewa jina Asilisaurus kongwe: "asili" na "kongwe" ni maneno yetu, "saurus" ni mjusi kwa Kigiriki. Mwaka 2019 dinosaria wa Songwe akaitwa Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa kuwa pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Mroma wa kale asingeambulia kitu hapo! Hata Moringa, jina la mlonge, lina asili ya Kitamil.

Mkanganyiko unaeleweka. Majina mengi kweli ni ya lugha hizo mbili; Hippopotamus, kiboko wetu, ni "farasi wa mto" kwa Kigiriki. Tena hadi mwisho wa 2011, mmea mpya kwa kawaida ulitakiwa uelezwe kwa Kilatini, na watu wakachanganya maelezo na jina.

Ukitaka kuhakiki, tafuta makala ya kwanza iliyotangaza spishi husika, usome sehemu ya asili ya jina. Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.