Miwani ya astigmatizimu kwa mtoto: usisahau namba ya mhimili

Mzazi akikabidhiwa karatasi ya vipimo vya macho, mara nyingi anatazama safu ya kwanza, ile ya SPH (nguvu ya lenzi ya kuona mbali au karibu), ajue macho "yameharibika" kiasi gani. Kwa mtoto mwenye astigmatizimu, naomba usogee hadi CYL na AXIS. Tuseme jicho la kulia limeandikwa +1.00 / −3.00 × 180. Hiyo −3.00 ni silinda, yaani kiasi cha astigmatizimu kwa dayopta, kizio cha nguvu ya lenzi. Hiyo 180 ni mhimili, yaani lenzi ikae imeelekea wapi. Silinda ikiwa sahihi lakini mhimili umehama, miwani hiyo si ya mtoto wako tena.

Tatizo lenyewe la astigmatizimu kwa kawaida liko kwenye konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Badala ya kupinda sawasawa pande zote, upande mmoja umepinda kuliko mwingine. Mwanga unaopita upande uliopinda zaidi unakutana mapema, wa upande mwingine unakutana baadaye, na picha haitulii popote, iwe ubaoni au kwenye daftari. Mtoto anachanganya 3 na 8, au H na N, anafinya macho, anasoma kichwa kikiwa upande. Kulalamika ni nadra, kwa sababu hajawahi kuona vinginevyo.

Umri hubadilisha uamuzi. Vichanga wengi huzaliwa na astigmatizimu, na kwa kawaida hupungua yenyewe kufikia miaka 3 au 4. Kwa hiyo dayopta 1.50 kwa mtoto wa mwaka 1 nasubiri na kupima tena, lakini kwa mtoto wa miaka 4 kiasi hicho hicho naandika miwani. Ubongo unaopokea picha yenye ukungu miaka hiyo unazoea ukungu, na hapo ndipo jicho vivu linapoanza. Tiba yake hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya miaka 7 au 8.

Miwani ya kwanza ya mtoto isitolewe kwa mashine peke yake bila matone ya kulegeza misuli ya jicho. Misuli ya jicho la mtoto hujikaza anapotazama ndani ya mashine, na namba ya SPH inatoka ya uongo. Kwa aliyezidi mwaka 1 natumia saiklopentoleti 1%: tone moja, la pili baada ya dakika 5, kisha tunasubiri dakika 30 hadi 45. Macho meusi huchelewa kulegea, kwa hiyo usimharakishe mpimaji. Baada ya hapo nachukua retinoskopu, kifaa cha kumulika ndani ya jicho, na kuuzungusha mstari wake wa mwanga mpaka mwako ndani ya mboni ulale sambamba nao. Mwelekeo huo ndio mhimili. Mboni hubaki pana hadi kesho yake, basi mvalishe kofia na usimdai kazi za shule jioni hiyo.

Sasa fremu, ambako kazi nzuri ya chumba cha vipimo hupotea. Fremu ya mtoto ina upana wa karibu sentimita 12. Upande mmoja ukishuka sentimita 1, mhimili umezunguka karibu nyuzi 5, na kwa silinda ya 3.00 inabaki takriban dayopta 0.50 ambayo haijarekebishwa. Lenzi ikizunguka nyuzi 10, inabaki kama dayopta 1.00, theluthi nzima. Ikifika nyuzi 30, kiasi kilichobaki kinalingana na kile alichokuja nacho, isipokuwa kimebadilisha mwelekeo. Ndiyo maana fremu ya duara siipendi kwa silinda kubwa: skrubu ikilegea kidogo tu, lenzi inazunguka humo ndani na hakuna anayeona. Chagua yenye kona, yenye pedi za pua zinazorekebishika ili isiteleze, na lenzi za polikaboneti, plastiki isiyovunjika kirahisi. Lenzi za kioo zinaweza kuvunjika zikamjeruhi jicho.

Kila wiki ipindue miwani juu ya meza tambarare, mikono ikiwa wazi. Ukingo wa juu na mikono yote miwili iguse meza. Kisha mtazame mtoto uso kwa uso akiwa ameivaa, maana masikio ya watu hayalingani. Ikiwa imepinda, usiikunje mwenyewe. Irudishe dukani, wanainyoosha kwa joto, na mhimili unasomwa upya kwa mashine ya lenzi kwa dakika chache.

Avae tangu anapoamka hadi anapolala. Kuivaa hakudhoofishi macho. Siku za mwanzo sakafu inaweza kuonekana imeinama. Ikizidi wiki 2, rudi upimiwe mhimili kabla hujamlaumu mtoto kwa kuivua. Naomba kumwona tena baada ya wiki 6 hadi 8. Jicho moja likiendelea kubaki nyuma hata baada ya miezi kadhaa ya kuvaa miwani kila siku, tunaziba lile zuri. Saa 2 kwa siku huwatosha wengi wenye jicho vivu la wastani.

Kuna hali moja isiyovumilia kusubiri. Mtoto wa miaka 9 au zaidi, mwenye mzio wa macho na tabia ya kuyasugua, ambaye silinda yake inapanda kila kipimo na mhimili unahamahama: huenda ni keratokonasi, konea ikiwa inakonda na kuchomoza. Usinunue miwani nyingine kwanza. Omba picha ya ramani ya konea kwa daktari bingwa wa macho, kwa kuwa ipo tiba ya riboflavini na mwanga wa urujuanimno inayoimarisha konea na kuzuia ugonjwa usiendelee, ingawa hairudishi umbo lililokwisha kupotea. Wakati unasubiri miadi, tibu mzio kwa matone aliyoandikiwa na mkande kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kila macho yanapomwasha, ili mikono isiende machoni.