Je, wajua? Mzigo wa "CIF Dar es Salaam" ukiharibika baharini, hasara ni yako

Mashine ya barafu ilifika Nyakato, Mwanza, usiku, juu ya lori lililotoka bandarini Dar es Salaam. Dada yangu alikuwa ameiagiza China ili awauzie barafu wenye samaki wa Mwaloni, Kirumba. Tulipobandua mbao za kreti tukakuta kondensa imebonyea upande mmoja. Vibati vyake vyembamba vya alumini vilikuwa vimelala kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe, na bomba la shaba linaloingia kwenye kompresa lilikuwa na ufa. Ubavuni mwa kreti kulikuwa na kibandiko chenye kidirisha kinachogeuka chekundu mzigo ukiinamishwa kupita kiasi. Kilikuwa chekundu.

"Usihofu, dada," nilimwambia. "Profoma, ankara ya awali ya muuzaji, inasema CIF Dar es Salaam. Lililotokea kabla ya Dar ni la muuzaji."

Nilikuwa nimekosea. Muuzaji alijibu kwa adabu kwamba mashine ilipakiwa melini ikiwa nzima, akaambatisha hati ya shehena isiyo na dosari yoyote. Kwa mujibu wa CIF, kazi yake ilikuwa imekwisha siku ile ile, huko huko China.

CIF ni mojawapo ya masharti 11 ya Incoterms, yanayotolewa na Chemba ya Kimataifa ya Biashara ya Paris tangu mwaka 1936. Toleo la sasa ni la 2020. Herufi hizo tatu zinasimamia gharama, bima na nauli. Jina la bandari linalofuata linakuambia muuzaji amelipa nauli mpaka wapi, basi. Halisemi hatari ni ya nani njiani. Hatari ya mzigo kupotea au kuvunjika inahamia kwa mnunuzi pale mzigo unapowekwa ndani ya meli, kwenye bandari ya kupakia.

Nadhani najua kinachotuchanganya. Ukienda kutoa mzigo, TRA inakokotoa ushuru kwa thamani ya CIF, yaani bei ya mashine pamoja na bima na nauli mpaka bandarini, halafu VAT ya asilimia 18 inakuja juu ya thamani hiyo na ushuru wake. Tumezoea kulisikia neno hili kama jina la bei ya mzigo uliofika. Kumbe kwenye mkataba wa mauziano lina kazi nyingine kabisa.

Chukua gunia la dagaa. Mteja yuko Dar, wewe uko Mwanza. Mmekubaliana kwamba utalifikisha stendi ya Nyegezi, utalipa nauli ya mzigo, na konda akishaliingiza kwenye buti, likilowa au likipotea njiani ni shauri la mteja. Umelipa nauli mpaka Dar, lakini hujaahidi kulisindikiza. Basi likipata ajali Singida, mteja hawezi kukudai gunia lingine kwa sababu tu risiti ya nauli imeandikwa "Dar". Sasa weka Shanghai mahali pa Nyegezi, na badala ya buti weka meli. Hiyo ndiyo CIF.

Mfano huu unafika mbali kuliko nilivyodhani. Machi 1917, meli ya Marekani iitwayo Algonquin ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani ikiwa na wanga wa mahindi uliouzwa kwa CIF London. Kesi ilipofika mahakamani Uingereza, jaji alisema muuzaji wa CIF anaweza kumkabidhi mnunuzi hati na kudai bei yake hata kama anajua tayari kwamba meli imezama. Muuzaji yule alishindwa, lakini kwa sababu nyingine, ikiwemo kutotoa hati kamili ya bima. Kanuni yenyewe ilibaki. Katika CIF mnunuzi analipia hati, na hati ndizo zinazompa haki ya kuufuata mzigo kwa mwenye meli au fidia kwa kampuni ya bima.

Kwa hiyo kila kitu kinaegemea bima, na hapo ndipo dada alipoumia mara ya pili. Muuzaji wa CIF anatakiwa kukata bima ya kiwango cha chini, inayoitwa masharti ya C. Inagusa moto, meli kuzama, kupinduka au kugongana. Haigusi wizi, maji ya mvua, wala foklifti iliyoangusha kreti. Inatakiwa ifike angalau bandari uliyotajiwa. Kilomita zaidi ya 1,100 za barabara kutoka Dar mpaka Mwanza zinaweza zisiwemo. Chini ya sharti jingine, CIP, bima inayotakiwa tangu 2020 ni ya masharti ya A, ambayo ni pana zaidi, na Chemba yenyewe inaona CIP inafaa zaidi kwa kontena. Ila hatari katika CIP inahama mapema zaidi, mzigo unapokabidhiwa kwa msafirishaji wa kwanza.

Kile nilichodhani dada amenunua kinaitwa DAP: muuzaji anabeba hatari mpaka mzigo ufike mahali mlipopataja, na wewe unashughulikia forodha na ushuru. Ukiandikiwa "DAP Nyakato, Mwanza, Incoterms 2020", bei itapanda. Na huo mwaka usiuache. Profoma nyingi zina herufi tatu tupu, na hapo mkigombana, jibu litategemea maneno mengine ya mkataba na sheria ya nchi inayousimamia.

Usiku ule tulikosea jambo moja zaidi. Dereva alikuwa na haraka, akatoa karatasi ya makabidhiano, shemeji akasaini "mzigo umepokelewa vizuri" kreti ikiwa bado imefungwa. Kidirisha chekundu kilikuwa kinaonekana kwa nje. Kukipiga picha mzigo ukiwa bado juu ya lori, na kuandika "kibandiko chekundu, kreti haijafunguliwa" juu ya saini, kungechukua dakika mbili.