Kifuko laini ndicho kinachoila sarafu yako

Unafungua albamu uliyoiweka kabatini miaka kadhaa, unaitoa sarafu ya shaba kwenye kifuko chake, na vidole vinateleza. Kuna utando wa kijani unaonata. Wengi wanaotuletea sarafu za namna hii husema zimeshika kutu. Sisi kwanza huomba kukiona kifuko.

Vifuko laini vinavyokunjika kama kitambaa, na vyenye harufu ya pazia jipya la bafuni, mara nyingi ni vya PVC. Plastiki hii kwa asili ni ngumu, kwa hiyo kiwandani hutiwa vilainishi. Miaka ikipita, hasa penye joto, vilainishi hivyo huchuruzika na plastiki yenyewe huachia asidi ya haidrokloriki. Asidi hiyo hula shaba. Sarafu za fedha nazo hazisalimiki, maana nyingi zimechanganywa na shaba.

Utando ukiwa bado mchanga, loweka sarafu ndani ya asetoni halisi kwenye chombo cha kioo, madirisha yakiwa wazi na moto ukiwa mbali, kisha iache ikauke bila kuisugua. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai, kwa sababu huongezwa mafuta na manukato. Kama asidi imeshachimba vishimo, hivyo havizibiki.

Hamishia sarafu kwenye vifuko vya plastiki ya poliesta au polipropilini, au vikasha vigumu vya duara. Vifuko hivi vikikunjwa hulia kwa mkwaruzo, na kwa kweli wakusanyaji wengi hawavipendi kwa sababu hiyo. Mipira ya kufungia, sufu na karatasi za kawaida ziwe mbali: salfa iliyomo huisawijisha fedha. Unyevu wa hewa ubaki chini ya asilimia 50. Vifuko vya silika, vile vya chembechembe za kunyonya unyevu, vinasaidia, mradi vibadilishwe au vikaushwe.

Shika sarafu kwa ukingo tu. Alama ya kidole haionekani siku hiyo; hujitokeza baadaye, kahawia, mistari yote ya ngozi ikisomeka.

Ukiona unga wa kijani hafifu unaorudi kila ukipanguswa, tenga sarafu hiyo pakavu na umwone mtaalamu wa kuhifadhi sarafu. Lakini weusi uliotanda sawasawa juu ya fedha uache ulivyo. Kila wiki tunaonyeshwa sarafu iliyosuguliwa kwa dawa ya meno: inang'aa kweli, na thamani yake imebaki kwenye kitambaa.