"Sina dalili, nipime nini?" na mengine yasemwayo kuhusu saratani ya mlango wa kizazi

"Sina dalili, nipime nini?"

Kati ya yasemwayo kuhusu kupima saratani ya mlango wa kizazi, kauli hii ndiyo inayoongoza, na imesimama juu ya wazo kwamba kipimo kinatafuta saratani. Kinachotafutwa hasa ni mabadiliko ya seli ambayo bado hayajawa saratani, na wakati huo mwanamke hahisi chochote: hatokwi damu, haumwi, analima na kukaanga vitumbua kama kawaida. Kirusi cha HPV, ambacho ndicho chanzo cha mabadiliko hayo, kisipoondoka mwilini, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuzaa saratani. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila kutumia dawa, miaka 5 hadi 10. Muda huo wote mabadiliko yanatibika. Damu baada ya tendo la ndoa, damu kwa mama aliyekwisha koma hedhi, au uchafu wenye harufu mbaya: mwenye hayo asingoje siku ya uchunguzi, aende hospitali moja kwa moja. Wengi wanaopokelewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hufika ugonjwa ukiwa umeshasambaa.

"Ukipimwa unatolewa kizazi"

Hili utalisikia sokoni, na utalisikia kwa wenye digrii pia. Kipimo kilichoenea zaidi Tanzania ni cha siki. Mhudumu anafungua uke kwa kifaa maalumu, anapaka mlango wa kizazi asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, anasubiri kama dakika moja, kisha anamulika. Sehemu yenye mabadiliko huwa nyeupe, na majibu unapewa palepale. Doa likiwa dogo, hugandishwa kwa baridi kali au huchomwa kwa joto, mara nyingi siku hiyohiyo, na mama anarudi nyumbani na kizazi chake. Akitaka kuzaa, atazaa. Atatokwa majimaji kwa wiki kadhaa na atashauriwa kukaa mbali na tendo la ndoa kama mwezi mmoja. Hapo mume inabidi aelezwe, na bora aelezwe na muuguzi. Kutoa kizazi ni tiba ya saratani yenyewe.

"Ni ugonjwa wa malaya"

HPV huambukizwa kwa ngono, ni kweli. Lakini wengi wa wanaofanya ngono hukipata wakati fulani, na miili mingi hukiondoa yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mke asiyemjua mwanamume mwingine zaidi ya mumewe anaweza kuwa nacho. Kondomu hupunguza hatari bila kuimaliza, kwa kuwa kirusi hupita ngozi kwa ngozi. Na doa jeupe halisemi nani alitoka nje ya ndoa, wala lini.

"Binti akichanjwa hatazaa"

Chanjo haigusi uzazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Aliyechanjwa naye atapimwa akifika miaka 30 (25 kama anaishi na VVU), kwani chanjo haizuii aina zote za kirusi.

"Hawapimi kwa kuwa hawana elimu"

Dhana hii ni yetu sisi waandishi na watunga mabango. Mama anayeyajua yote hayo anaweza kupanda bodaboda hadi kituo cha afya akaambiwa uchunguzi ni Alhamisi tu, au aliyefunzwa yuko likizo, au mtungi wa gesi ya kugandishia umeisha, apewe rufaa hospitali ya mkoa. Nauli ya pili hana. Hata huduma ikiwa bure, siku yake ya biashara imekwenda. Ndiyo maana vifaa vya kuchomea kwa joto, vidogo, vya betri, visivyohitaji gesi, vina faida kuliko bango lolote. Kipo pia kipimo cha HPV ambacho mwanamke hujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti, hivyo havuliwi nguo mbele ya mhudumu wa kiume. Kasoro yake ni kwamba sampuli huenda maabara, na asipofuatiliwa majibu hayamfikii.

Kabla ya kutoka nyumbani, mpigie simu au muulize anayefanya kazi kituoni mambo mawili: uchunguzi ni siku gani, na tiba inapatikana hapohapo?