Umbo la Kibaroko Halipoozi Moyo

Kila mara programu ya okestra inapoweka Suiti ya Holberg (mfululizo wa vipande vifupi) ya Mnorwe Edvard Grieg kabla ya Simfoni ya Nne ya Mjerumani Johannes Brahms, huwa hakosi mtu wa kutueleza kwamba kipande cha kwanza ni cha akili na cha pili ni cha moyo, eti kwa kuwa maumbo ya Kibaroko, yale ya muziki wa Ulaya wa takriban 1600 hadi 1750, hayana hisia. Mimi mpiga selo nimechoka kulijibu dai hili kwa mdomo.

Kuhusu Grieg nitasema machache. Aliitunga suiti hiyo kwa piano mwaka 1884, kuadhimisha miaka 200 ya kuzaliwa kwa mwandishi Ludvig Holberg, mzaliwa wa Bergen kama yeye, na mwaka uliofuata akaiandika upya kwa ala za nyuzi. Vipande vyake Sarabande na Gavotte ni ngoma za kale, lakini huzuni iliyomo katika kipande kingine, Air, ni ya Grieg mwenyewe.

Linaloniudhi hasa ni kwamba dai hilo linavunjwa na Brahms yule yule anayetumiwa kulitetea. Sehemu ya nne ya simfoni yake, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Meiningen mwaka 1885, ni pasakalia, umbo la Kibaroko ambamo mada fupi hurudiwa tena na tena: mada moja ya vipimo 8, tofauti 30 juu yake (yaani mada ile ile ikirudi kila mara kwa sura mpya), kisha koda, yaani hitimisho. Mada hiyo ameitoa katika besi ya chakoni (umbo linalofanana na pasakalia) inayofunga kantata ya 150, utungo wa waimbaji na ala, wa Bach, mtunzi wa Kibaroko, akairefusha, na kati ya noti za A na B akachomeka A shapu, iliyo nusu toni juu ya A. Nusu toni hiyo ndiyo inayoleta uchungu, na tromboni, ambazo zimenyamaza sehemu tatu nzima, huingia papo hapo. Umbo linapombana mtunzi kiasi hicho, hana pa kukimbilia. Mkazo wote hana budi kuutafuta katika harmonia, mdundo na rangi za ala, ndiyo maana hakuna sehemu nyingine ya simfoni hii inayowaka kama hiyo.

Shaka yangu iko kwenye tofauti ya 12, pale fluti inapoimba peke yake. Vipimo vimeongezwa urefu maradufu huku noti ya robo ikibaki na mwendo ule ule, lakini waongozaji wengi hupunguza mwendo zaidi. Masikio yangu hufurahia upole huo, ingawa kila tukipiga hivyo nahisi mada imenikatikia, na bado sijaamua kama hasara hiyo inastahili kulipwa.