Kibali cha ukaazi Ujerumani: tarehe inayomlinda mwanafunzi ni ile aliyoomba

Muhula wa majira ya baridi unapoanza Oktoba, swali linalogonga mlango wa ofisi yetu ya wanafunzi wa kigeni kuliko yote ni hili: "Viza yangu inaisha Januari, nina haja gani ya kuhangaika sasa?" Ninayeulizwa mimi, mshauri wa masuala ya ukaazi, huwa namwomba mwenye swali anionyeshe pasipoti. Kilichobandikwa humo ni viza ya taifa, aliyopewa na ubalozi wa Ujerumani Nairobi, Dar es Salaam au Kampala. Mara nyingi ni ya miezi mitatu au sita, mara chache ya mwaka mzima. Kazi yake ni kumwingiza mtu nchini ili aombe kibali chenyewe, ambacho ni kadi ya plastiki yenye picha na alama za vidole. Viza ni mlango tu, na mlango huo una tarehe ya kufungwa.

Wapo pia wanaokuja kwa viza ya Schengen ya utalii wakiamini wataibadilisha wakishafika. Kwa kawaida haibadilishwi. Hurudi nyumbani kuanza upya, wakiwa wameshalipa nauli mara mbili.

Ukifika, jambo la kwanza ni anwani. Sheria inakupa wiki mbili tangu kuhamia uende ofisi ya wakazi ukajiandikishe, kitendo ambacho kila mtu hapa, hata Waswahili wenzetu, hukiita Anmeldung. Unahitaji pasipoti na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kwamba kweli unakaa kwake. Hapo ndipo wengi hukwama, maana chumba walichopata ni cha kujibana kwa rafiki, na rafiki naye mkataba wake haumruhusu kumweka mtu. Mitandaoni kuna watu wanaouza karatasi hizo. Usinunue. Anayetoa anwani ya uongo anaweza kutozwa faini ya hadi yuro 50,000, na wewe unaanza maisha yako kwa afisa ukiwa na doa kwenye faili.

Kisha kuna kisanduku cha barua. Sisi tuliokulia kwenye S.L.P., ambako barua hufuatwa posta au hupitia shuleni na kazini kwa mzee, hatujazoea barua kuletwa mlangoni. Ujerumani postamani anasoma jina lililobandikwa kwenye kisanduku, na asipoliona huirudisha barua ilikotoka. Namba ya nyumba pekee haimtoshi. Chukua karatasi, andika jina lako la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, libandike chini ya jina la mwenye chumba siku hiyohiyo unayohamia. Wito wa afisa, namba ya kodi, kadi ya bima, namba ya siri ya kadi ya ukaazi, vyote vinapita hapo. Nimeona maombi mazuri yakichelewa miezi kwa kukosa kipande cha karatasi cha sentimita tano.

Baada ya anwani unaingia kwenye Ausländerbehörde, yaani ofisi ya wageni ya mji unaoishi. Jina hubadilika kidogo: Berlin, kwa mfano, tangu 2020 inaitwa Landesamt für Einwanderung. Miji mingi sasa hupokea maombi kwa fomu ya mtandaoni, mingine bado inataka uandike barua pepe au utume kwa posta. Kinachotakiwa hakitofautiani sana: pasipoti, uthibitisho wa Anmeldung, cheti cha kuandikishwa chuoni, bima ya afya, ushahidi wa fedha, picha na ada. Ada ya kibali cha kwanza ni yuro 100, na ya kukiongeza kwa zaidi ya miezi mitatu ni yuro 93. Anayesoma kwa ufadhili wa fedha za umma za Ujerumani aulize kabla ya kulipa, kwa kuwa huenda amesamehewa. Kuhusu picha, tangu 2025 lazima ziwe za kidijitali, zilizopigwa kwenye ofisi yenyewe au studio iliyosajiliwa. Zile za karatasi ulizobeba kutoka Kariakoo hazina kazi tena hapa.

Bima sitaikalia sana. Wa chini ya miaka 30 huingia bima ya umma kwa kiwango cha wanafunzi, ambacho siku hizi ni takribani yuro 140 hadi 160 kwa mwezi. Bima ya safari uliyoingia nayo haitoshi kukuandikisha chuoni. Aliyevuka miaka 30 aje tuongee kabla hajasaini bima yoyote ya binafsi, kwa sababu kutoka humo kurudi kwenye ya umma ni vigumu.

Fedha ndizo zinazoumiza. Tangu Septemba 2024 kiwango kinachotakiwa ni yuro 992 kwa mwezi, sawa na 11,904 kwa mwaka, na kwa mwaka wa kwanza wengi huziweka zote kwenye Sperrkonto, akaunti iliyofungwa inayokuachia fungu moja tu kila mwezi. Kwa shilingi za Tanzania hiyo ni zaidi ya milioni 30, kwa za Kenya zaidi ya milioni moja na nusu. Familia huuza shamba. Sioni sababu ya kulipamba jambo hili: ni kikwazo kinachowachuja wasio nacho kuliko wasio na uwezo wa darasani. Njia nyingine zinazokubalika ni barua ya ufadhili wa masomo, au dhamana rasmi ya mtu anayeishi Ujerumani, anayoisaini mbele ya ofisi ya wageni ya kwake baada ya kipato chake kupimwa. Barua ya mjomba kwamba atakuwa anakutumia si dhamana, hata ikipigwa muhuri wa wakili.

Wakati wa kuongeza kibali, ofisi nyingi hupokea pia hati za mshahara wa kazi ya ziada. Ndiyo maana ni vizuri kujua kipimo cha kazi. Tangu Machi 2024 mwanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka, au 280 za nusu siku, na nusu siku ni saa nne kushuka chini. Zamani zilikuwa 120 na 240, na bado nawasikia watu wakifundishana hesabu hiyo ya zamani. Kazi ya usaidizi chuoni haihesabiwi humo. Kujiajiri ni jambo jingine kabisa: kusuka nywele chumbani kwa malipo, au kuuza vitenge kwenye simu, kwa macho ya sheria ni biashara, na biashara inahitaji ruhusa ya ofisi ya wageni kabla hujapokea yuro ya kwanza. Masharti yako yameandikwa kwenye karatasi ya kijani inayoambatana na kadi. Isome, si ya kutupa.

Sasa turudi kwenye tarehe, maana hapa ndipo watu huumia bure. Ofisi za wageni zimeelemewa. Miadi, au termin kama wanavyosema wote, inaweza kupatikana baada ya majuma au miezi. Mwanafunzi anafungua ukurasa wa miadi kila asubuhi, haoni nafasi, anajiambia "nimejaribu", na viza inaisha huku akisubiri. Kutafuta miadi si kuomba. Kuomba ni kupeleka maombi yako, kwa fomu ya mtandaoni, kwa barua pepe kama ofisi yako inaipokea, au kwa barua ya rejista, ukabaki na uthibitisho wenye tarehe. Miadi itakuja itakapokuja, na miadi haiuzwi. Anayekudai fedha ili akupatie ni mlanguzi.

Kwa nini nang'ang'ania? Kwa sababu kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi kinamlinda aliyewahi. Ukiomba kabla kibali chako hakijaisha, na viza ya taifa imo, kile cha zamani kinahesabiwa kuendelea pamoja na haki zake zote, kufanya kazi ikiwamo, mpaka uamuzi utolewe. Hata afisa akichukua miezi mitano, kuchelewa huko ni kwake. Ukiomba siku moja baadaye, mzigo unakuhamia. Afisa anayo nafasi ya kukuvumilia palipo na sababu nzito, lakini hapo unategemea busara yake, na mwajiri wako anaweza kukusimamisha kazi siku hiyohiyo. Mimi nashauri miezi mitatu kabla. Majuma sita ndiyo mwisho wa kulala.

Ushahidi wa ulinzi huo ni karatasi iitwayo Fiktionsbescheinigung, ambayo ada yake ni yuro 13. Iombe, hasa ukiwa na mwajiri au safari. Ndani yake kuna visanduku, na kilichotiwa alama ndicho cha kuangalia. Kikitaja kifungu cha 81 aya ya 4, unaweza kutoka Ujerumani na kurudi ukiwa na pasipoti na kadi ya zamani. Kikitaja aya ya 3, usisafiri, kwa kuwa kurudi hakumo. Na hata mwenye aya ya 4, akienda kuzika au kuoa nyumbani, awahi uwanjani. Mhudumu wa kaunta Dar es Salaam au Nairobi haioni karatasi hiyo kila siku, na kumweleza huchukua muda.

Nyumbani nako kusikupitilize. Ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita, kibali hufa chenyewe, bila barua wala onyo. Anayekwenda kukusanya data ya utafiti Kigoma kwa miezi minane aombe muda mrefu zaidi kwa maandishi kabla ya kupanda ndege.

Kuongeza kibali si kurudia maombi ya kwanza. Safari hii afisa anauliza kama utamaliza katika muda unaoeleweka. Ataangalia matokeo yako na mihula uliyotumia ukilinganisha na wenzako wa kozi hiyo, na kwa jumla miaka kumi ya masomo ndiyo dari. Kufeli somo moja hakumnyimi mtu kibali. Kinachomponza ni mihula mitatu isiyo na mtihani hata mmoja na isiyo na maelezo. Kama uliugua, leta barua ya daktari. Kama ulijifungua, leta cheti cha mtoto. Kama ni mambo ya darasani, idara yako inaweza kuandika barua inayotaja lini unatarajiwa kumaliza, na barua hiyo ina uzito kuliko maelezo yako mwenyewe ya kurasa tatu. Anayetaka kubadilisha kozi aje kabla, asije baada.

Angalia pia pasipoti. Kibali hakivuki tarehe yake. Mwenye pasipoti iliyobakiza miezi minane atapata kibali cha miezi minane, alipe ada, kisha alipe nyingine. Watanzania na Wakenya ubalozi wao uko Berlin, na anayekaa München au Aachen apange safari hiyo mapema, kabla ya maombi ya kibali.

Ukihamia mji mwingine, ofisi ya wageni inayokuhusu nayo inabadilika na faili lako linasafirishwa. Usihame katikati ya maombi ukiweza kuepuka.

Anayemaliza shahada anaweza kuomba kibali cha miezi 18 cha kutafuta kazi inayolingana na elimu yake, na katika muda huo anaruhusiwa kufanya kazi yoyote ili ajikimu. Nacho kinaombwa kabla cha masomo hakijaisha. Kadi huchapishwa Berlin, na kwa kawaida huchukua majuma manne hadi sita. Siku ya kuichukua, kabla hujasaini, soma jina herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa na ya kuisha. Majina yetu matatu huwachanganya, la baba hugeuka la ukoo. Kosa likionekana hapo dirishani ni lao kulirekebisha.