Kupungukiwa na askari mmoja si lazima ushindwe

Wachezaji wengi wa sataranji huamini kwamba ukifungua mchezo kwa kumtoa askari kafara, kisha shambulio lako likazimwa, umekwisha kushindwa. Katikati ya mchezo upungufu huo huuma kweli. Vipande vikishapukutika, hesabu hubadilika. Mfano niupendao: mpinzani amebaki na mfalme, askari wa safu ya pembeni kabisa, na hata askofu mzima, ila askofu huyo hapiti rangi ya kona ambako askari angepandishwa cheo. Mfalme wako akiwahi kona hiyo, hang'oki. Mpinzani akimbana mno, mfalme wako anakosa pa kwenda, na mchezo ni sare. Panga ubaoni ujaribu. Zipo pia hifadhidata za kompyuta zenye hukumu kamili ya nafasi za vipande visivyozidi 7, wafalme wakiwemo.